Mmiliki Bretton, Risasi Newcastle: Biashara ya Akina Blackett Ilivyoendeshwa kwa Barua, 1777–1793

Februari 1777 alifariki Sir Walter Calverley Blackett, mbunge wa Newcastle tangu 1734 na tajiri ambaye jina lake lilitajwa kila palipozungumzwa risasi, yaani yale madini mazito ya kijivu, kaskazini mwa Uingereza. Hakuacha mtoto wa kumrithi. Mali yake ikagawanyika: jumba na mashamba ya Wallington yakaenda kwa mpwa wake, Sir John Trevelyan, na migodi ya risasi ikaenda kwa binamu yake, Sir Thomas Wentworth, ambaye kwa sharti la urithi aliongeza jina la Blackett kwenye lake.

Kisa changu kinaanzia hapo. Sir Thomas alikuwa mwenyeji wa Bretton, karibu na Wakefield katika jimbo la Yorkshire, na hakuhamia kaskazini. Migodi yake ilikuwa Allenheads na Coalcleugh upande wa Northumberland, na mingine Weardale upande wa Durham, kwenye ardhi iliyokodiwa kwa Askofu wa Durham. Risasi ilisafirishwa kupitia Newcastle. Bei ilipangwa London na, kwa sehemu, Uholanzi. Kati ya mmiliki na mali yake palikuwa na karibu maili 100, na kati ya mali hiyo na soko lake kuu maili nyingine zipatazo 270. Mtu aliyeyaunganisha hayo yote alikuwa John Erasmus Blackett, mfanyabiashara wa Newcastle wa tawi jingine la ukoo huo huo, aliyewahi kuwa meya wa mji zaidi ya mara moja na aliyesimamia biashara ya risasi ya familia kwa miaka mingi. Chombo chake cha kazi kilikuwa barua.

Watu wengi wanaposoma historia ya madini hutafuta mashimo, mashine na ajali. Mimi nasema moyo wa biashara hii ulikuwa mezani. Bila karatasi iliyoandikwa vizuri, Sir Thomas alikuwa mmiliki wa jina tu. Hakuwa na njia ya kujua alichonacho, wala ya kuamua kiuzwe lini, wala ya kumbana wakala wake. Na tatizo lenyewe ni hili: mwenye mali yuko mbali, anayejua mambo ni mwajiriwa wake, na bei inabadilika kabla jibu halijarudi. Je, nani aamue?

Kilichokuwa kinaandikiwa barua

Mnyororo wa uzalishaji nitaupitia haraka. Wachimbaji walifanya kazi kwa vikundi vidogo vilivyopatana bei na wasimamizi kwa kila kipimo cha mawe yaliyosafishwa, na kipimo hicho kilikuwa handredweti 8. Handredweti moja ni pauni 112, yaani kama kilo 51. Mawe yalipakiwa kwenye farasi wadogo wenye nguvu, kila mmoja akibeba handredweti 2, hivyo kipimo kimoja kilikuwa mzigo wa farasi wanne. Farasi hao walivuka vilima hadi kwenye vinu vya kuyeyushia, kikiwemo kile cha Dukesfield huko Hexhamshire. Huko risasi ilimiminwa kuwa mikuo, yaani vipande vizito vya kubebeka, ikabebwa tena hadi Blaydon kando ya mto Tyne, kisha ikateremshwa kwa mashua hadi Newcastle.

Majira ya baridi njia za vilimani zilikuwa tope na theluji, na usafirishaji ulizorota. Maana yake, risasi iliyochimbwa Novemba ingeweza kufika gatini miezi mingi baadaye. Wakala alipoandika kwamba kuna risasi kiasi fulani, mmiliki makini alipaswa kuuliza: iko wapi? Mawe yaliyo mdomoni mwa mgodi, mikuo iliyo kinuni na mikuo iliyo gatini ni vitu vitatu tofauti, na ni cha mwisho tu kinachoweza kuuzwa wiki hii. Barua isiyotenganisha hayo matatu ilimwonyesha mmiliki utajiri ambao hangeweza kuugusa.

Mikuo ilipigwa chapa. Alama ya W.B., kwa jina la William Blackett wa zamani, iliendelea kutumika hata baada ya mali kuingia mikononi mwa watu wengine wa ukoo. Chapa hiyo ilifanya kazi sawa na barua: ilimwezesha mnunuzi wa London au Amsterdam kuagiza risasi asiyoiona, akijua imetoka kinu gani na atamlalamikia nani ikiwa mbovu.

Karatasi yenyewe

Tuitazame barua kwa karibu. Ni karatasi moja kubwa iliyokunjwa katikati ikawa na kurasa nne. Tatu za kwanza ni za maneno. Ya nne huachwa wazi, kisha karatasi inakunjwa mara kadhaa hadi sehemu ya ukurasa ule ibaki nje kama uso wa kuandikia anwani. Bahasha hakuna. Inafungwa kwa lakiri au kibandiko cha unga. Ada hulipwa na anayepokea, na hupimwa kwa umbali na kwa idadi ya karatasi. Kwa sheria ya 1711, barua ya karatasi moja kwenda zaidi ya maili 80 ndani ya Uingereza iligharimu peni 4. Ukiongeza karatasi ya pili, ada inakuwa mara mbili. Mwaka 1784 viwango vikapanda tena.

Huu mpango wa ada uliathiri namna watu walivyoandika. Wakala alijifunza kubana: bei, wingi, tarehe, jina la meli, hali ya hundi, halafu heshima za mwisho na sahihi. Wabunge walikuwa na haki ya kutuma na kupokea barua bila ada kwa kuandika majina yao kwenye anwani, na tangu 1764 sheria iliwataka waandike anwani nzima kwa mkono wao wenyewe ili kupunguza udanganyifu. Sir Walter, akiwa mbunge kwa zaidi ya miaka 40, alikuwa na haki hiyo. Kwa biashara inayotuma barua kila wiki, mwenye mali kuwa bungeni ilikuwa nafuu ya kuhesabika.

Kabla barua haijatumwa, karani aliinakili neno kwa neno kwenye daftari nene. Nalipa daftari hilo uzito kuliko barua zenyewe. Barua iliyotumwa iko kwa mpokeaji. Inaweza kupotea, kuchomwa au kufichwa. Nakala inabaki ofisini kwa mpangilio wa tarehe, na mtu akibisha miezi sita baadaye kwamba hakuambiwa, ukurasa unafunguliwa. Ndiyo sababu karibu kila barua ya biashara ya zama hizo inaanza kwa kutaja barua iliyopokelewa na tarehe yake. Ufunguzi ule unaonekana kama adabu tu, lakini unafunga mlango wa kukana. Ukishaandika kwamba umepokea barua ya tarehe 5, huwezi tena kusema hukujua yaliyomo.

Anayesoma daftari za kabla ya 1752 awe mwangalifu na tarehe. Hadi mwaka huo, mwaka rasmi wa Uingereza ulianza 25 Machi. Barua yenye tarehe ya Februari 1728 mara nyingi ni ya mwezi ambao sisi tungeuita Februari 1729, na makarani waangalifu waliandika 1728/9 ili kuondoa utata. Hili lina uzito katika ukoo huu. Sir William Blackett alipofariki Septemba 1728, wosia wake ulimpa kijana Walter Calverley, ndiye yule Sir Walter wa baadaye, mali kwa sharti la kumwoa Elizabeth Ord, binti wa Sir William aliyezaliwa nje ya ndoa, ndani ya miezi 12, na kuchukua jina la Blackett. Walioana 1729. Ukikosea kusoma mwaka wa barua za majira yale ya baridi, utadhani mambo yalitangulia kifo.

Fotha moja si fotha nyingine

Hapa naomba msomaji avute kiti, maana ndipo pesa ilipopotelea.

Risasi iliuzwa kwa fotha, kipimo cha uzito. Jina ni moja, uzito ni mwingi. Fotha ya London, na ya Hull pia, ilikuwa handredweti 19 na nusu. Ya Newcastle ilikuwa 21. Ya Derby ilikuwa 22 na nusu. Kwa kilo, London ni kama 991, Newcastle 1,067, Derby 1,143. Mtu akiandika tu kwamba fotha imefika pauni 16, hajasema kitu mpaka aseme fotha ya wapi.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme London bei ni pauni 16 kwa fotha yao (pauni moja ya pesa ilikuwa shilingi 20, na shilingi moja peni 12). Kwa uzito wa Newcastle bei hiyo ni sawa na pauni 17, shilingi 4 na peni 7. Sasa mnunuzi anamwendea wakala Newcastle na kumpa pauni 16 na shilingi 10 kwa fotha ya pale pale. Mmiliki aliye Bretton, akiona namba mbili hizo kwenye barua bila maelezo, atafurahi: amepata shilingi 10 zaidi ya London. Lakini ukiigeuza bei ile kwa uzito wa London unapata pauni 15, shilingi 6 na peni 5. Yuko chini ya London kwa shilingi 13 na peni 7 kwa kila fotha.

Je, auze au asiuze? Bado hatuwezi kusema, na hapa ndipo ubora wa barua unapopimwa. Mnunuzi wa Newcastle anachukua mzigo gatini. Mzigo wa London unahitaji nauli ya meli, bima, gharama za kupakua, na kamisheni ya mtu wa kuuza kule. Kama hayo yote yanazidi shilingi 13 na peni 7 kwa fotha ya London, mauzo ya Newcastle ni bora hata kama yanaonekana ya bei ndogo. Kama hayafiki, wakala amemtia hasara bosi wake. Tena kuna muda wa mkopo: bei ya kulipwa baada ya miezi miwili si sawa na bei ya kulipwa baada ya minne.

Kwa hiyo sentensi moja ya bei ilihitaji mambo matano: kiasi cha pesa, fotha ya mji gani, mahali pa kukabidhi, nani analipa nauli na bima, na muda wa malipo. Ukiondoa moja, mmiliki hawezi kuamua. Anaweza kukubali tu. Na wakala mwenye nia mbaya hakuhitaji kusema uongo hata kidogo. Ingemtosha kuacha kitu kimoja kati ya vitano.

Kwa mzigo wa fotha 500 za Newcastle, ile tofauti ya uzito pekee, pauni 1 shilingi 4 na peni 7 kwa fotha, inazidi pauni 600. Kwa enzi ile hiyo ni mali ya mtu mzima.

Fedha iliyo ndani ya risasi

Madini ya risasi ya milima hiyo yalibeba fedha kidogo. Kuitoa kulifanywa kwa moto na upepo: risasi iliyeyushwa kwenye kitanda cha majivu ya mifupa, mvukuto ukapuliza juu yake, risasi ikageuka oksidi na kusukumwa pembeni kama utando wa manjano, fundi wa moto akiongeza risasi mpya kidogo kidogo. Mwishoni utando wa mwisho unapasuka na fedha inang'aa ghafla. Mafundi walisubiri mng'ao huo kwa macho yao; hakukuwa na kipimo kingine. Oksidi iliyobaki iliuzwa au ikarudishwa kuyeyushwa iwe risasi tena, na kila mzunguko ulipoteza kidogo.

Kwa kuwa kazi hiyo ilikula makaa, mishahara na sehemu ya risasi yenyewe, haikulipa kwa kila mkuo. Kabla ya Hugh Lee Pattinson kusajili hataza ya njia yake mpya mwaka 1833, risasi yenye chini ya takriban aunsi 8 za fedha kwa tani haikustahili kusafishwa. Tuhesabu kwa nini. Bei ya kiwanda cha sarafu cha serikali ilikuwa shilingi 5 na peni 2 kwa aunsi ya fedha ya kiwango, ambayo ni asilimia 92.5. Fedha halisi kwa uwiano huo ni kama shilingi 5 na peni 7. Aunsi 8 zinatoa pauni 2, shilingi 4 na peni 8. Kiasi hicho ndicho kilipaswa kulipia makaa, kazi na risasi iliyopotea, na bado kibaki kitu.

Angalia tena jinsi neno moja linavyobeba pesa. Barua ikitaja aunsi bila kusema ni za fedha halisi au za kiwango, kuna pengo la peni 5 kwa kila aunsi. Halafu kuna swali la pa kuipeleka. Katika miaka ya 1770 na 1780 serikali ilikuwa karibu haitengenezi sarafu za fedha kabisa, kwa sababu bei ya soko ilizidi bei iliyowekwa kisheria. Aliyepeleka fedha yake huko alipata hasara. Ilibaki kuwauzia wafua fedha na wafanyabiashara wa madini ya thamani. Newcastle yenyewe ilikuwa na ofisi yake ya kupima na kupiga muhuri vyombo vya fedha tangu 1702, kwa hiyo hata hapo nyumbani kulikuwa na mafundi wanaohitaji malighafi.

Kwa mmiliki, fedha ilikuwa na sifa nyingine nzuri: uzito kidogo, thamani kubwa. Ilibadilika kuwa pesa haraka kuliko risasi iliyolala gatini ikisubiri meli. Na risasi iliyotolewa fedha ilikuwa laini na safi zaidi, ikauzwa kando na ile ya kawaida. Uamuzi wa kusafisha au kutosafisha ulihitaji majibu ya vipimo kutoka kila mshipa wa mgodi, na majibu hayo yalimfikia Sir Thomas kwa njia moja tu.

Vita vinaingia

Sasa tufike kwenye kiini cha kisa. Urithi ulipobadilika mikono 1777, Uingereza ilikuwa tayari inapigana na makoloni yake ya Marekani. Mwaka uliofuata Ufaransa ikaingia vitani, 1779 Hispania, na Desemba 1780 Uingereza ikaitangazia vita Uholanzi.

Kwa muuza risasi wa Newcastle, hilo la Uholanzi lilikuwa pigo la moja kwa moja. Uholanzi ilikuwa mteja wa siku nyingi, na bandari zake ziko ng'ambo tu ya bahari. Lakini hata safari ya ndani kwenda London haikuwa salama. Tarehe 23 Septemba 1779, karibu na Flamborough Head kwenye pwani ya Yorkshire, John Paul Jones, nahodha aliyepigania upande wa Marekani, akiwa na meli Bonhomme Richard alivamia msafara wa meli za biashara uliotoka Baltiki. Meli za biashara ziliokoka, lakini meli mbili za kivita zilizozilinda, Serapis na Countess of Scarborough, zilitekwa. Pwani hiyo hiyo ndiyo njia ya kila mzigo wa Tyne unaoelekea London.

Fikiria meza ya wakala wiki hiyo. Bima inapanda. Manahodha wanataka kusubiri ulinzi wa jeshi la majini kabla ya kung'oa nanga, na kusubiri ni nauli. Bei ya London aliyo nayo mkononi imechukua siku tatu au nne kumfikia. Akiituma Bretton kuomba ruhusa, barua inachukua siku mbili hivi, jibu siku mbili nyingine, na agizo kwenda London siku tatu au nne tena. Tukikadiria hivyo, mzunguko mzima ni siku 10 hadi 12, bila kuhesabu muda wa Sir Thomas kufikiri, kuwa safarini au kuwa mgonjwa. Bei ya siku 10 zilizopita, katikati ya vita, ni habari ya kale.

Njia iliyokuwepo, na iliyotumiwa na wafanyabiashara wa zama hizo kila mahali, ilikuwa kikomo: mwenye mali anaandika mapema kwamba usiuze chini ya bei fulani, na juu yake tumia busara yako. Kwa njia hiyo uamuzi unafanywa kabla swali halijaja. Wakala anapata uhuru wa kutenda siku ile ile, na mmiliki anapata kipimo cha kumhukumu baadaye.

Naona kikomo hicho kuwa ndiyo barua muhimu kuliko zote katika biashara hii, na ndiyo ngumu kuliko zote kuiandika. Kikiwekwa juu mno, risasi inalala, na risasi iliyolala ni mishahara iliyolipwa bila mapato. Kikiwekwa chini mno, mnunuzi mjanja akikihisi atashikilia hapo hapo. Kisipobadilishwa vita vinapoanza, kinakuwa kamba shingoni. Na ili Sir Thomas aweke kikomo cha akili, alihitaji zile namba tano kila wiki, hata wiki ambazo hakuna mauzo. Barua ya kusema hakuna kilichouzwa, lakini bei ni hii, nauli ni hii, na gatini pana kiasi hiki, ilikuwa na faida kuliko barua ya furaha ya mauzo makubwa.

Kulikuwa na mlango mwingine. Mwaka 1778, katikati ya msukosuko huo, akina Walker wa Rotherham na wenzao, Fishwick na Ward, walianzisha kazi ya kutengeneza rangi nyeupe ya risasi huko Elswick, ukingoni mwa Newcastle. Rangi hiyo ilihitaji risasi safi na laini. Ghafla palikuwa na mnunuzi asiyehitaji meli wala bima. Hapa ndipo ile hesabu ya fotha inapokuwa na meno: mnunuzi wa karibu anaweza kutoa bei inayoonekana ndogo na bado akawa bora kuliko London, kwa sababu vita vimeongeza gharama za bahari. Mmiliki aliyezoea kupima kila kitu kwa bei ya London angekataa. Mmiliki aliyefundishwa na barua za wakala wake kutoa gharama kwanza angekubali.

Hundi na mikono ya wachimbaji

Malipo ya risasi yalikuja kwa hundi: karatasi inayomwamuru mtu wa London alipe kiasi fulani baada ya muda uliotajwa, kwa kawaida miezi miwili au zaidi, pamoja na siku tatu za ziada zilizoruhusiwa na desturi. Hundi iliweza kupita mikono mingi, kila mmoja akiandika jina lake nyuma, na kila jina likawa dhamana. Aliyetakiwa kulipa akikataa, mthibitishaji wa sheria aliandika pingamizi, na barua zikaanza kurudi nyuma jina kwa jina hadi apatikane wa kulipa.

Lakini mchimbaji wa Allenheads hali hundi. Wanaume wale walipewa kiasi cha kujikimu kwa vipindi, na hesabu kamili ilifanywa mara moja kwa mwaka, ambapo madeni ya zana, mishumaa na baruti yalikatwa. Siku hiyo zilihitajika sarafu na noti, nyingi, zikiwa mlimani. Wakala alipaswa kupanga ili hundi za London ziive kwa wakati, au azipeleke kwenye benki ya Newcastle zikanunuliwe kwa punguzo. Mji huo ulikuwa na benki tangu 1755, miongoni mwa za kwanza nje ya London.

Kwa hiyo barua ya mauzo ya masika ilikuwa pia barua ya mishahara ya miezi ijayo. Kumkopesha mnunuzi miezi minne badala ya miwili kungeweza kupandisha bei kidogo na papo hapo kuahirisha siku ya malipo bondeni. Katika daftari, uamuzi huo unaonekana kama mstari mmoja wa masharti. Nyumbani kwa mchimbaji ulikuwa ni mwezi mwingine wa deni dukani, na yeye hakuwa na daftari la nakala. Sauti yake inaingia kwenye barua hizi kama wingi wa mawe na kiasi alichokopeshwa. Hilo ni pengo kubwa, na anayetumia daftari za mawakala kuandika historia ya mabonde yale analazimika kulikumbuka kila ukurasa.

Mtihani uliofuata

Amani ilirudi 1783. Mwaka 1786 magari ya haraka ya barua yalifika Newcastle yakielekea Edinburgh, na ule mzunguko wa siku 10 ukaanza kupungua. Sir Thomas alifariki 1792. Migodi ikaenda kwa binti yake Diana, ambaye naye alizaliwa nje ya ndoa, na mumewe Thomas Richard Beaumont, na jina la Beaumont ndilo ambalo watu wa Allendale na Weardale wangelitumia kwa karne iliyofuata.

Warithi hao wapya hawakupewa muda wa kujifunza. Februari 1793 Ufaransa ilitangaza vita upya, hofu ikaenea kwenye masoko ya pesa, na Aprili mwaka huo benki za Newcastle zikasimamisha malipo. Risasi ilikuwa gatini, na hundi zilikuwepo, lakini kwa wakati ule hapakuwa na dirisha la kuzigeuza kuwa pesa za kupandisha mlimani. Kwa wakala, swali la kwanza la kuandikia wenye mali halikuwa tena bei ya fotha London. Lilikuwa ni hundi zipi kati ya zilizomo kwenye kasha zina majina ya watu ambao bado wanalipa.